Karatasi Chini ya Bakuli

Hebu niambie ukweli: wewe ungekubali kwenda kulala kwenye msitu uliommeza mumeo?

Mama Uyoga alikubali. Si kwa ushujaa. Alikuwa amechoka tu na wafariji waliomwambia kila jambo lina sababu yake, huku wakichungulia simu. Mumewe aliacha utafiti wa uyoga nusu. Yeye, mtaalamu wa kazi hiyohiyo, aliona heri aumalize. Huenda akaokota hata kiatu cha kuzika. Aliyemwongoza njia ni shemeji yake, mdogo wa mumewe, mtu wa mwisho kumwona.

Siku ya sita ilifanana na ya tano. Mvua, ruba kwenye soksi, ndege aina ya hondohondo wakizozana juu ya miti kama ndugu waliofungua wosia. Kabla ya giza walikata uyoga kwenye gogo bovu, kofia tano. Kila kofia waliilaza juu ya karatasi nyeupe, wakaifunika bakuli. Mpaka asubuhi uyoga huwa umemwaga vumbi lake na kuchora mistari kama miale ya jua. Ndivyo unavyotambulika.

"Kumbe hata uyoga unapigwa picha ya pasipoti, shemeji," mdogo wa mumewe alitania.

"Na wenyewe hauchekicheki. Kalale."

Asubuhi Mama Uyoga aliinua bakuli la kwanza. Hapakuwa na miale. Palikuwa na alama ya kidole gumba.

La pili, kidole cha shahada. La tatu. La nne. Kwenye la tano, kidole cha mwisho kilikuwa na kovu la mshazari. Kovu la jeraha alilojikata mumewe kwa kisu cha kazi, mwezi waliooana.

"Shemeji, umechezea karatasi zangu?"

Alitikisa kichwa.

Mezani palibaki karatasi ya sita. Tupu, haijawekwa kitu. Ikaanza kuchafuka. Vumbi lilijichora polepole. Vidole vinne. Vikaburuzika kuelekea chini, kama vya mtu anayeng'ang'ania ukingo.

"Basi, kaka," shemeji alinong'ona. Aliiambia karatasi. "Basi."

Mama Uyoga aliketi. Hata hofu ilimchosha.

"Ulisema alipotelea kwenye ukungu."

"Aliteleza korongoni. Akanidaka mkono. Na mimi nilikuwa nateleza, shemeji."

"Halafu?"

Aliitazama karatasi ya sita.

"Nikavibandua vidole vyake. Kimoja kimoja."