Daftari Moja la Wajukuu Wawili

Ni mwaka huu, tuliokula ming'oko, ile mizizi ya porini, Ramadhani nzima, maana mto ulibeba mpunga wote wa bondeni. Futari ming'oko, daku ming'oko... Mie nina miaka sitini na tano, mjane, nakaa pembeni ya Kibiti na wajukuu wangu wawili, Somoe wa miaka saba na Tatu wa miaka mitano. Mama yao yuko Dar anatafuta riziki. Nimezaa tisa na sijawahi kumuuliza mtu mtoto analelewaje. Kiburi changu ndicho hicho, nakitaja mapema mkijue.

Huku kwetu ukienda zahanati unakwenda na daftari la shule, daktari anaandika humo. Wenzangu kila mtoto ana lake. Mie nilinunua moja la nyumba nzima, nikalivika nailoni. Mbele Somoe. Ukiligeuza, nyuma Tatu. Mwaka jana muuguzi mmoja wa zahanati nyingine aliandika upande wa Tatu kwa wino mwekundu, akaniambia kuna dawa imemkataa mtoto huyu, nionyeshe maandishi yale kila niendapo. Jina la dawa sikulishika. Nilishike la nini, na limeshaandikwa?

Kusoma sijui. Niliacha darasa la pili. Ila hilo watu walikuwa hawalijui! Kwenye kikundi cha akina mama nashika karatasi kama wao, natikisa kichwa.

Siku moja Tatu aliamka na homa, koo limevimba. Nikampeleka kwenye zahanati ya mtu binafsi, kwa daktari anayetutibu ukoo mzima. Hakuuliza jina la mtoto. Alifungua daftari upande uliomjia mkononi, jicho moja kwenye simu, akasema, "Naona sindano ya mara ile ilimfaa. Nimchome tena ileile?"

Lile neno "tena" lilinigonga. Aliyechomwa pale ni Somoe, Tatu hakuwahi hata siku moja! Ningesema tu... Lakini wanawake wa foleni walikuwa mlangoni wananitazama. Nikaogopa ataniambia nimwonyeshe ukurasa. Nikajibu, "Yote yamo humo, daktari."

Akachomwa.

Hatujavuka mlango, Tatu akaanza kujikuna. Midomo ikaumuka kama maandazi, macho yakafungika. "Bibi, shingo inabana," akasema, kisha sauti ikakatika. Mwenzangu, umewahi kusikia mtoto wako anavuta hewa na hewa haiingii?

Muuguzi wa pale alikimbilia kisanduku cha dawa za dharura pale ukutani. Ndani mna pamba na chaja ya simu! Daktari akamuuliza sindano ya kumfungua pumzi iko wapi. Muuguzi akamjibu ilikwisha tangu kabla ya mfungo, na alishamwambia. Nikaona daktari anakipekua tena kisanduku kilekile. Daktari akiogopa, wewe bibi ushike wapi?

Nilimbeba mwenyewe mpaka kwenye bajaji, twende hospitali. Njia nzima kidole changu kilikuwa chini ya pua yake. Pumzi... hakuna... pumzi tena... hakuna. Kucha zikageuka rangi ya zambarau. Nikaanza kumsomea shahada sikioni.

Walimwahi. Alhamdulillahi!

Daktari wa pale, binti mdogo kuliko kitinda mimba wangu, aliuliza mtoto amechomwa nini. Sikujua! Nikampa daftari. Akalisoma mbele, akaligeuza, akaweka kidole kwenye wino mwekundu. Kisha akasema, "Bibi, upande huu imeandikwa wazi, asichomwe penisilini. Hukusoma?"

Nikamwambia sijui kusoma. Miaka yote hiyo, ndiyo mara ya kwanza kulitamka.

Siku ya tatu yule daktari wetu alikuja nyumbani na karatasi. Alikuwa amesikia hospitali imetoa taarifa na wakaguzi wanakuja kwake. Akanisomea kwamba Tatu alivimba kwa sababu alikula kamba wa baharini nyumbani, nami nitie dole gumba tu, basi.

"Dole langu silitii hapo," nikamwambia.

Akainama, akasema taratibu, "Bibi, wakiuliza nitasema daftari ulileta wewe. Na mji mzima utajua hujui kusoma."

Niliogopa, sikatai. Lakini nilichokiogopa kwenye bajaji kilikuwa kikubwa kuliko hicho. Wakaguzi wakija nitawaeleza yote, ya kwake na ya kwangu.

Wasomaji, haya nasema naandikiwa, nawasihi... kila mtoto awe na daftari lake. Usichokielewa uliza, foleni ikucheke itakavyo. Na kile kisanduku cha ukutani, waambie wakufungulie ukione kabla mtoto hajachomwa. Mie niliona aibu kidogo tu, nusura nizike!

Juzi kaka yangu kaja na karatasi ileile. Kasema daktari ni mtoto wa hapa kwetu, zahanati ikifungwa tutatibiwa wapi? Swali la kweli hilo, na linanitisha. Tatu alikuwa amelala mkekani, kiganja changu kifuani kwake, maana mpaka leo siziamini pumzi zake. Nikamrudishia kaka karatasi yake.

"Dole langu silitii hapo."