Bawa la Mbung'o

Kila asubuhi Erifazi na mkewe Edisa walikamua ng'ombe wao, Sifa. Kisha Erifazi alimfunga Sifa kwenye vichaka vya mtoni, pamoja na binti wa Sifa, mtamba ambaye hajazaa. Majani ya huko yalikuwa mabichi. Wao wenyewe walikwenda kuuza chai ya maziwa pale Kikorongo, mabasi yanaposimama. Jioni waliwarudisha ng'ombe zizini.

Mwaka ule Sifa alianza kukonda. Alikula vizuri, lakini mbavu zilionekana. Macho yalitoa machozi. Kisha mimba yake ikatoka. Loo, Edisa alilia! Sifa alikuwa zawadi ya marehemu mama yake.

"Baba Benon, ng'ombe inakufa," alisema Edisa. "Labda ni mbung'o."

"Mbung'o gani?" alijibu Erifazi. "Kila jioni naangalia nzi ya zizi. Inaachanisha mabawa, ni nzi ya kawaida tu. Hii ni minyoo."

Alinunua dawa ya minyoo. Alichoma mavi makavu zizini, moshi ufukuze nzi. Msimcheke. Alijitahidi, maskini, na nzi wa zizini kweli hawakuwa mbung'o.

Sifa alianguka Jumapili, watu wakiwa kanisani. Hakuinuka tena.

Daktari wa mifugo, Zedekiah, alifika kutoka Bwera akakuta Sifa ameshakufa. Alichukua damu ya mtamba, akaipima.

"Pole sana, mama," alisema. "Hii pia iko na nagana, ugonjwa ya mbung'o. Mchana inakula wapi?"

"Kule mtoni. Tunaifunga."

"Nani anabaki nayo?"

Hakuna aliyebaki nao.

Daktari alikamata nzi mmoja zizini. Kisha wakaenda vichakani, jua likiwa kali, akakamata mwingine. Akawaweka wote wawili kiganjani.

"Hizi zinafanana kama ndugu," alisema. "Usiangalie ukubwa tu. Ikitua, angalia bawa. Ile ya zizi inaachanisha mabawa huku na huku. Mbung'o inalaza bawa moja juu ya ingine, kama mkasi imefungwa. Sasa nafungua bawa. Unaona hapa katikati? Mishipa imechora kichwa ya shoka. Ile ingine haina."

Erifazi aliangalia.

"Mungu wangu! Mimi natafuta jioni, zizini. Kumbe inauma mchana, huku! Na ni mimi nilimfunga hapa, asiweze hata kukimbia."

Edisa alimgeuzia mgongo. Alikuwa na hasira, na uchungu mwingi.

Daktari alimdunga mtamba sindano. Aliwaonyesha namna ya kutundika vitambaa vya bluu na vyeusi vyenye dawa. Mbung'o huvipenda, hutua, hufa.

"Mulishe mahali peupe, mbali na vichaka," alisema. "Na nyinyi pia muangalie. Mbung'o inaweza kuleta malale kwa watu. Homa ikikataa kuisha, kimbieni hospitali."

Wakafanya hivyo. Erifazi aliacha kuuza chai, akachunga mwenyewe mchana kutwa. Mtamba akapona, akanenepa, na baadaye akazaa ndama jike. Majirani walikuja kuwapongeza, wakanywa chai, wakacheka sana.

Walipoondoka, Edisa alikaa chini akalia.

"Sifa hakuona mjukuu wake," alisema.

"Mama Benon, nisamehe."

"Nilikusamehe zamani. Lakini acha nilie."

Erifazi akakaa karibu naye, akamwacha alie.