Swichi ya Wakili Elkana

Vioo vilitapakaa kwenye zulia la ofisi ya wakili Elkana, na kabati la vielelezo lilikuwa wazi. Swichi nyekundu ya kuzimia mashine, kielelezo kikuu katika kesi ya Kalume, ilikuwa imetoweka.

Inspekta Kanana alisimama mlangoni asiguse kitu. Ilikuwa asubuhi ya Machi 2006, mjini Irving, kando ya Dallas, na ndege zilipita chini chini zikielekea kutua.

"Mtaalamu wa upande wa pili alikuwa aje kuikagua leo," alisema wakili Elkana. "Sasa nitamwambia nini jaji?"

Kanana alimfahamu. Wakenya wengi wa Dallas walimfahamu. Tangu ujana wake Elkana aliwatetea waajiri walioshtakiwa na wafanyakazi wao, na ilikuwa nadra ashindwe.

"Unamshuku nani?"

"Kalume mwenyewe, anayemshtaki mteja wangu. Jana alinifokea hapo nje mbele ya watu."

Kalume, Mkongo aliyekatwa mkono na mashine ya kushindilia maboksi katika ghala moja karibu na uwanja wa ndege, alikuwa ameketi mapokezi akimsubiri huyo mtaalamu. Kanana akamwendea.

"Ulimfokea wakili?"

"Ndiyo, mama. Alisema nilisinzia kazini."

"Kisha ukarudi kuiba?"

"Miye?" Kalume alimkazia macho. "Ile swichi njo shahidi yangu. Niliibonyeza, mashine ikakataa kusimama. Nikiiba, nani atanisemea?"

Kanana alirudi kabatini, akapiga magoti na kumulika rafu kwa tochi. Vumbi lilikuwa limeacha alama ya mraba pale swichi ilipokaa. Ndani ya mraba huo vipande vya kioo vilikuwa vimelala.

Alivitazama kwa muda. Kama swichi ingekuwapo wakati kioo kinavunjwa, vipande vingeangukia juu yake na mahali pake pangebaki patupu. Basi swichi ilitolewa kwanza, kwa ufunguo. Kioo kilivunjwa baadaye, ili ionekane ni wizi.

Akamwita Moraa, katibu muhtasi.

"Mara ya mwisho uliiona lini?"

"Jana jioni nikifunga ofisi. Ilikuwa hapo hapo."

"Ufunguo anao nani?"

"Wakili Elkana, na mwenzake Sheldon. Lakini Sheldon yuko Houston wiki hii yote, ana kesi."

Kanana alipiga simu Houston. Karani wa mahakama alithibitisha kwamba Sheldon alikuwa mbele ya jaji jana hadi jioni, na tena asubuhi hii. Akaingia kwa Elkana na kufunga mlango.

"Wakili, aliyeichukua alikuwa na ufunguo. Utanifungulia buti ya gari lako, au niombe hati ya upekuzi?"

Elkana aliutoa ufunguo wa gari mfukoni, akauweka mezani.

Gari lilikuwa nyuma ya ofisi, na swichi ilikuwa kwenye buti, imeviringishwa kwa taulo. Kanana alivaa glavu, akairudisha ofisini na kukilegeza kifuniko. Ndani, waya uliosokotwa uliunganisha nyaya mbili, hivyo mashine isingezimika hata swichi ibonyezwe vipi. Waya wenyewe ulikuwa na kutu.

"Umekaa humo miaka," alisema Kanana.

"Tangu kesi ya Clothilde."

"Clothilde yupi?"

"Mashine ile ile ilimkata vidole kabla ya Kalume. Naye alisema ilikataa kusimama. Nikaiambia mahakama ni uzembe wake, nikashinda."

"Ulijua kuhusu waya?"

"Sikuuliza." Sauti yake ilififia. "Nilijua nikiuliza, nitajibiwa. Jana usiku ndipo nilipoifungua."

"Kwa hiyo umeificha kumlinda mteja?"

"Mteja? Wateja watapatikana wengine. Clothilde anasali kanisani kwetu DeSoto. Kila Jumapili ananipa mkono wa kushoto, ananiita baba, maana siku hizi anaamini kosa lilikuwa lake. Waya huu ungeonekana, angejua alisema kweli. Na Kalume angejua kwamba ningeuliza swali moja tu, leo angekuwa na mikono miwili."

"Mbona hukuitupa?"

"Nilifika mtoni nayo. Nikashindwa."

Kanana alitoa pingu. Alikuwa amemheshimu mtu huyu tangu alipohamia Texas.

"Kuna mlango wa nyuma," alisema taratibu.

Elkana alitikisa kichwa. "La. Nipitishe mapokezi."

Walipotokea, Kalume aliziona pingu, kisha akaiona swichi ndani ya mfuko wa polisi. Alisimama polepole. Elkana alisimama mbele yake, akamtazama usoni.

"Hukusinzia," alimwambia.