Mikeka Iliyosimamishwa

Jua lilikuwa likizama nyuma ya milima ya Mbeya Asukile alipobisha hodi kwa jirani yake Tumpe, kuazima mikeka ya msiba.

"Nani tena kafariki?" Tumpe aliuliza, mkono kifuani.

"Hakuna. Nataka kurekodi gitaa. Kuta zangu zinarudisha sauti kama kisima."

"Kaka Asukile! Wenzako wanakusanya mahari, wewe mikeka." Alicheka, kisha akashusha sauti. "Itandike chini tu. Usiisimamishe."

"Ikisimama?"

"Sijui. Mama zetu hawakuwahi kuisimamisha."

Ilikuwa mikeka ya kikundi cha akina mama, ile wanayoilalia waombolezaji wakati wa matanga. Asukile aliijua. Mwezi uliopita ilitandikwa sebuleni kwake, alipomzika mama yake. Ilipokunjwa, watu nao wakatawanyika. Akabaki yeye na paa la bati.

Tumaini lake lilikuwa Iringa. Huko rafiki yake Fred alikuwa na bendi, na bendi ilikosa mpiga gitaa. Wimbo mmoja uliorekodiwa vizuri ungetosha: angeitwa, akaishi na watu tena. Kesho Fred angechagua.

Alikuwa amejaribu kuliunganisha gitaa moja kwa moja na kompyuta. Sauti ikatoka kavu, mifupa bila nyama. Akaweka maiki mbele ya spika. Sauti ikapata uhai, lakini kuta zikaitupa huku na huku.

Kosa lilikuwa la kuta, si la sakafu. Akaisimamisha mikeka, akaiegemeza kutani pande zote.

Harufu ya moshi na mablanketi mabichi ikajaa chumbani. Akapiga wimbo wote, akavaa hedifoni, akasikiliza.

Gitaa lilikuwa safi mno. Lakini chini yake...

Kwikwi.

Mwanamke mmoja. Kisha wengi.

"Asukile... mwanangu Asukile..."

Akazivua hedifoni. Chumba kimya. Akazivaa. Walikuwa wakilia bado.

Akailaza mikeka, akarekodi upya. Hakulia mtu. Akamtumia Fred, na jibu likaja upesi.

"Kamwene, kaka! Hii umepigia chooni? Mwangwi mtupu. Nitumie nyingine sasa hivi, wenzangu wanamtaka yule jamaa wa Kilolo."

Asukile aliitazama mikeka. Alijua la kufanya, naye aliliogopa. Lakini palikuwa na jambo jingine ambalo asingelikiri mbele ya mtu: tangu mazishi, hakuna aliyelitaja jina lake kwa uchungu kama ule.

Akasali kwa ufupi. Akaisimamisha tena.

Safari hii vidole vyake vilikwenda vyenyewe, vyepesi, kama maji ya mfereji shambani. Alipofika ubeti wa mwisho alitabasamu. Chumbani hakukusikika kilio. Kazi ilikuwa safi, na Iringa ilikuwa karibu.

Ndipo mikeka ikachakarika nyuma yake, kama inavyochakarika watu wengi wanapoketi kwa pamoja.

Hakuwa amevaa hedifoni.

"Nyamazeni," sauti ya bibi kizee ilinong'ona, tulivu, kisogoni pake. "Mwacheni amalize kupiga. Kisha mfumbeni macho."

Vidole vikasita juu ya nyuzi.

Mtu akajongea.

Asukile akaurudia ubeti wa kwanza haraka, na nyuma yake wakatulia. Akaupiga wa pili. Akaufikia wa mwisho, akauruka, akaanza upya. Uzi mwembamba ulimkata kidole. Damu ikateleza kwenye mpini wa gitaa. Hakugeuka.

Mezani simu ikawaka. Jina la Fred likaonekana kwenye kioo, simu ikaita, ikanyamaza, ikaita tena. Iringa ilikuwa inamwita kwelikweli, ikitaka jibu lake.

Kuipokea kulihitaji mkono mmoja tu; gitaa lilihitaji yote miwili.