Chaneli ya Mtu Mmoja

Siku ya soko Bungoma, ngazi ya Chesang iliteleza kwenye nguzo ikaangukia viatu vya akala, vya matairi ya zamani, ambavyo Sifuna alikuwa amepanga kando ya reli.

"Pole, baba."

"Baba ya nani? Nunua kiatu ndio nikusamehe, madam fundi."

Chesang alicheka. Alivaa ovaroli ya buluu na kitambaa chekundu kichwani, waya zikimning'inia begani. Alikuwa ametumwa na kampuni ya televisheni ya waya kutoka Kitale. Alinunua jozi iliyomzidi mguu, akachukua namba ya Sifuna, ati akala zikikatika atalalamika.

Hazikukatika. Alipiga tu.

"Mulembe, mtu wa akala."

"Mulembe, mtu wa nguzo. Umekula?"

"Nitakula aje na hujanikaribisha?"

Mapenzi yakashika hivyo, kwa simu. Siku moja Sifuna akamwuliza kazi yake hasa ni gani.

"Picha ya kila chaneli inatoka Kitale mara moja tu," Chesang akasema. "Ikifika Bungoma, mashine yangu inaigawia nyumba zinazoiomba. Nyumba ya mwisho ikizima, huko au hapa Kitale, mashine inaifuta hiyo njia."

"Na watu wakiomba kila kitu?"

"Waya hautoshi, na wakubwa hawataki kuongeza. Anayechelewa anakataliwa."

"Wakubwa ni walewale kila mahali, mpenzi."

Sifuna alijua. Nekesa, mke wake, alifariki akingoja ambulensi iliyoegeshwa nje ya zahanati bila mafuta. Aliyetakiwa kutia sahihi ya mafuta alikuwa kwa semina. Hakuna aliyefukuzwa kazi, na hakuna aliyekuja matangani kusema pole.

Chesang alijua kifo hicho. Hakujua kilichobaki. Nekesa alikuwa akisoma utabiri wa mvua kwenye chaneli ndogo ya wakulima. Kipindi kilikwisha, lakini mkanda wa mwisho uliachwa ukizunguka, maana hakuna mkubwa aliyekumbuka kuuzima. Kila asubuhi marehemu, katika gauni la kijani, alitangaza mvua iliyokwisha kunyesha zamani, kutoka mji wa Kwanza hadi Bungoma. Halafu anatabasamu: "Na wewe baba watoto, usisahau mwavuli." Watoto hawakuwahi kupata. Ulikuwa utani wao.

Televisheni ya Sifuna haikuzimwa. Aliogopa kuizima.

Kisha kampuni ikaleta chaneli ya kamari. "Tafuta nafasi," wakubwa wakamwambia Chesang. Asubuhi akampigia Sifuna kwa furaha.

"Nimepata nafasi, bana. Kulikuwa na chaneli imekufa, inaangaliwa na mtu mmoja. Pengine alisahau kuzima. Nimeifuta."

Sifuna aliutazama uso wake mwenyewe kwenye kioo cheusi cha televisheni.

"Huyo mtu ni mimi," akasema, akakata simu.

Akapigiwa tena na tena, hakushika. Chesang akaingia stoo ya kampuni, akautafuta mkanda wa chaneli ile, akaukuta na jina la Nekesa, akausikiliza amesimama. Aliposikia habari ya mwavuli, alikaa sakafuni.

Kesho yake aliibana chaneli ya kamari ichukue nafasi ndogo, picha ikawa ya madoa. Wakubwa wakafoka. Akawaambia ndio waya waliokataa kuongeza. Kwa upenyo huo akairudisha njia ya Nekesa, akamwandikia Sifuna: Washa.

Sifuna akawasha. Gauni la kijani likarudi. Nekesa akatangaza mvua yake, akatabasamu, na Sifuna akaona kitu alichokuwa akikikwepa: macho yale hayakumtazama yeye. Yalitazama kamera tu, siku ileile moja. Akalia, halafu akapiga simu Kitale.

"Chesang. Ulifuta bila kujua. Ilifaa nikuambie."

"Ungeniambia, ningeibeba huzuni hiyo na wewe."

"Nataka kuizima. Mwenyewe, si wakubwa."

"Zima, mpenzi."

Akabonyeza. Nyumba ikanyamaza, mpaka akasikia mabati yakilia kwa jua.

"Imefutika?" akauliza.

"Bado."

"Si ulisema nyumba ya mwisho ikizima..."

"Si yako ya mwisho."

"Nani mwingine anaiomba?"

"Mimi. Nimewasha hapa kwangu Kitale. Nilitaka uweze kuzima bila kumuua mara ya pili."

Kwenye simu, nyuma ya pumzi za Chesang, sauti ya Nekesa ilikuwa ikitangaza mvua kutoka Kwanza kuelekea Bungoma.

"Nikuje?" akauliza Sifuna.

"Kuja. Baba yangu anataka kumwona huyo anayeniuzia viatu vikubwa."

"Na mvua?"

Chesang alingoja sauti ile nyingine imalize.

"Amesema usisahau mwavuli."