Moyo wa Tano wa Derb Lamsid

Waliingia watu wanne, na Batul akahesabu mioyo mitano.

Alihesabu tena, safari hii kwa kidole. Nyumba yenyewe ilikuwa tupu, iko kichochoro cha Derb Lamsid, katikati ya mji mkongwe wa Fes, na kihisi kilichobandikwa ukutani mwake kilikuwa kimepiga kelele kwamba ufa umepanuka. Ilikuwa saa saba mchana, Agosti, saa ambayo maduka yamefungwa na mtu mwenye akili zake hapiti vichochoroni. Kila mzimamoto alivaa kizibao chenye kihisi kifuani, na mtandao mpya ulimletea Batul, kule kituo cha zimamoto, kwenye kioo cha mezani kwake, pigo la kila moyo na mahali ulipo: nukta ya kijani yenye jina pembeni. Nukta nne zilikuwa na majina. Ya tano ilikuwa chini yao, kwenye mfereji wa maji machafu, na haikuwa na jina.

Akamwita mdogo wake redioni. "Munsif, mko wangapi humo?"

"Wanne, Mama Mdogo. Kwani unatuletea chakula?"

Hakuwahi kumwita kwa jina lake, tangu mama yao alipofariki na dada huyu akabaki kumlea.

"Kioo kinasema watano."

"Basi mimi nina miwili. Mmoja wa kazi, mmoja wa Widad."

Wenzake wakacheka, maana harusi yake na Widad ilikuwa imebakiza wiki tatu na hakuwa na wimbo mwingine. Wakatoka wanne, wazima. Nukta ya tano ilibaki mle ndani ikidunda taratibu.

Sasa, sheria ya kituo ilikuwa moja: kazi haifungwi mpaka kila moyo uwe na jina la mtu aliyekwisha kutoka, na mtambo haukubali moyo usio na jina. Mtambo uligoma. Batul alikuwa kwenye kiti tangu alfajiri na mgongo ulikuwa ukimuuma. Akajiambia kwamba Munsif, kwa uzembe wake, amesahau kizibao cha akiba mle ndani. Kizibao kisicho na kifua hakidundi, hilo alilijua vizuri, lakini aliyechoka hudanganyika kirahisi. Akachagua jina la Munsif kwenye orodha, akaipa ile nukta, na kazi ikafungwa.

Angemsikiliza Fundi Buselham, yasingefika huko. Mzee huyu ndiye aliyeijua mifereji yote ya mji mkongwe, na mafundi wa mtandao walipokuja kutoboa vifuniko na kumimina gundi ya moto wakibandika vihisi vyao, aliwaomba wasubiri. Alitaka wapige bismillahi, waweke maziwa na mkate usio na chumvi, maana wa chini, yaani majini, hawaili, na wawape nafasi ya kuhamisha watoto wao. Mafundi walikuwa na tarehe ya kumaliza. Walimpa chai, wakamcheka, na Batul naye akacheka, yeye ambaye nyumbani kwake hakuwahi kumwaga maji ya moto shimoni bila kubisha hodi.

Kesho yake baada ya kuipa nukta jina, harufu ya nywele zilizoungua iliingia chumba cha mawasiliano na haikutoka tena. Batul alisafisha meza, akatoa zulia, akafungua madirisha yote. Munsif alikuwa zamu ya mapumziko, amelala nyumbani, lakini nukta yenye jina lake ilikuwa Derb Lamsid ikizunguka chumba hadi chumba. Akaenda kabatini, akakuta kizibao cha akiba kinaning'inia, kikavu. Akarudi, akavaa vipokea sauti kusikiliza kihisi cha ukutani, kile kilichotengenezwa kunasa pumzi za aliyefukiwa. Akasikia mtu akijifunza kusema. Alikuwa akilirudia neno moja polepole, mara nyingi, mpaka likamkaa mdomoni, na neno lenyewe lilikuwa Munsif.

Batul hakumwambia mtu. Aliogopa, na aliona aibu, na kati ya hayo mawili siku tatu zikapita.

Siku ya nne, saa ile ile ya mchana, dari ya nyumba ile ikaanguka. Kikosi kikaingia, Munsif akiwemo, kuhakikisha hakuna aliyefukiwa. Vumbi likajaza kichochoro. Baada ya dakika kumi Kapteni Slawi alihesabu watu wanne wenye barakoa mlangoni, akaangalia kioo chake kidogo, akaona nukta nne zenye majina, akaridhika. Ukuta ulikuwa ukiilalia nyumba ya jirani yenye watoto. Akaamuru nguzo zilizoushikilia ziondolewe, uangushiwe ndani.

"Nimetoka, Batul," ikasema sauti ya Munsif redioni. "Fungeni."

Batul alilisikia jina lake. Akatazama kioo: chini, mferejini, ilikuwepo nukta ya tano, dhaifu, isiyo na jina.

"Kapteni, usiguse nguzo. Waambie wavue barakoa."

"Batul, huu si wakati wa..."

"Wavue, Kapteni. Nakuomba."

Watatu wakavua. Wa nne akasimama tu.

Batul akampigia Fundi Buselham kwa simu. Mzee hakumlaumu. Alisikiliza, akashusha pumzi, akasema kwa sauti ya chini, "Umempa jina, binti yangu. Ndilo analotembelea. Mnyang'anye kabla ukuta haujashuka."

Akalishika jina la Munsif kulihamisha, na mtambo ukakataa, moyo haukai bila jina, chagua jingine, na orodha ikafunguka, Slawi mwenye mapacha, yule mwenye mke mjamzito, yule aliyeajiriwa juzi, na mle chini ile nukta dhaifu ikiruka pigo, kisha mawili, na redioni sauti ya mdogo wake ikimwita Batul, Batul, kwa upole ambao Munsif hakuwa nao, na harufu ya nywele zilizoungua ikimjaa kooni kana kwamba mtu amesimama nyuma ya kiti chake akisoma orodha pamoja naye, mpaka kidole chake kikashuka kwenye jina la mwisho, ambalo lilikuwa lake mwenyewe.

Akabonyeza.

Kule kichochoroni kizibao cha yule wa nne kilianguka chini kitupu, kimelowa. Kapteni Slawi, ambaye haamini mambo haya hadi leo, ndiye aliyekuwa wa kwanza kukimbilia ndani. Walimtoa Munsif mferejini, mdomo umejaa udongo, na neno lake la kwanza lilikuwa "Mama Mdogo". Batul akalia waziwazi mbele ya kila mtu.

Fundi Buselham alipeleka maziwa na mkate, akaomba radhi kwa niaba ya mji mzima. Harufu ikaisha. Harusi ikafanyika, Widad akapendeza, Munsif akacheza mpaka viatu vikapasuka. Kitu kimoja tu alimtania dada yake: tangu siku ile chakula anachopika hakina chumvi. Batul alionja, akaona kiko sawa kabisa.

Mwezi wa kumi vizibao vipya vikaletwa kujaribiwa. Munsif akavaa kimoja, akamvalisha dada yake kingine kwa mzaha, akakifunga vizuri kifuani, akageukia kioo. Pale kituoni ilionekana nukta moja tu, ya Munsif mwenyewe. Jina la Batul lilikuwa Derb Lamsid, chini mferejini, likidunda taratibu.

"Kibovu hiki," Munsif akasema. "Ngoja nilete kingine."

Alipotoka, Batul aliweka kiganja kifuani. Akasubiri pigo ambalo halikuja. Kisha akakivua kizibao, akakikunja, na akarudi kitini kwake kuhesabu wengine.