Mplamu Uliochanua Oktoba

Kwa Bibi Masue asubuhi huanza na wali wa moto, na juu yake plamu moja ya chumvi. Plamu hiyo ni chachu ya kukunja uso. Wageni hutokwa na machozi. Watu wa nyumba ile, ukiwanyima, watakuambia hawajala.

Plamu zenyewe hutoka kwenye mti ulio uani, nyuma ya jiko. Marehemu mume wa Bibi aliupanda mwaka aliozaliwa mwana wao, Kohei. Kila Juni Bibi huchuma matunda, huyatia chumvi, huyaanika juani, kisha huyafungia katika mitungi ya udongo. Mimi nilikuwa nimepanga chumba kwao, katika kijiji kimoja cha pwani ya kusini ya Japani. Nimelala katika nyumba nyingi, lakini ile mitungi ilinikalisha pale zaidi ya nilivyokusudia.

Mwaka ule kimbunga kilikuja mwishoni mwa Septemba. Upepo ulibeba maji ya bahari hadi juu ya mapaa. Kilipopita, Kohei na mkewe Chinatsu walishughulika na vigae vilivyovunjika. Mti hakuna aliyeutazama. Baada ya siku chache majani yake yalikuwa ya kahawia, kama yaliyopitiwa na moto. Yakadondoka yote.

Kisha joto likarudi. Oktoba ikawa kama Aprili. Siku moja Chinatsu alikuwa anaanika nguo uani, akapaza sauti.

"Mama! Njoo uone! Mplamu wako umechanua!"

Bibi Masue akatoka na mwiko mkononi. Maua meupe yalikuwa yametapakaa kwenye matawi makavu. Mplamu huchanua Februari, baridi ikiwa bado ipo. Bibi aliutazama, akashusha mwiko.

"Basi, ndiyo hivyo," akasema.

"Ndiyo hivyo nini?"

"Mti wa uani ukichanua wakati si wake, nyumba hiyo hutoa mtu. Bibi yangu alinieleza. Na humu ndani foleni inaanzia kwangu."

"Mama, acha mzaha."

"Nani anafanya mzaha? Njoo nikuonyeshe mtungi wa kuanza kuliwa."

Tangu siku hiyo nyumba haikukalika. Bibi alimpa Chinatsu kimono yake ya hariri. Mimi alinipa mwavuli wake. "Shika. Wewe mtu wa njiani, utakufaa." Chakula alikula nusu bakuli. Chinatsu alipomkumbusha kuosha mtungi uliokwisha, ili uwe tayari kwa plamu za mwakani, alijibu, "Wa nini? Nitazilia wapi?"

Kohei si mtu wa maneno mengi. Alivumilia, akavumilia. Jumamosi asubuhi alitoa shoka ghalani, akakaa uani, akaanza kulinoa.

"Kohei, unafanya nini?" Chinatsu akamuuliza.

"Naukata. Mti usiokuwepo hauchanui."

"Baba yako aliupanda!"

"Baba angeona Mama anavyogawa nguo zake, angeukata kabla yangu."

Mlio wa shoka kwenye jiwe ulivuka ua. Jirani yao Tomoe akachungulia. Mama huyu alifanya kazi miaka mingi katika shamba la serikali la majaribio ya miti ya matunda. Sasa amestaafu, lakini mikono yake haijui kukaa.

"Wewe Kohei! Shoka la nini asubuhi yote hii? Kuna kuku aliyekukosea?"

"Ni mplamu, dada. Umechanua. Mama anasema atakufa."

Tomoe akazunguka, akaingia uani. Alishika tawi moja, akalivuta chini.

"Bibi Masue, hebu sogea hapa. Unaona matumba haya madogo? Hayakutokea leo. Mti uliyaumba tangu Julai. Tangu hapo majani yana kazi moja: kuyaambia, laleni, bado. Kimbunga kimeleta chumvi ya bahari, chumvi imeunguza majani, majani yamedondoka. Sasa nani atayaambia yalale? Joto liliporudi, matumba yakadhani ni wakati wake, yakafunguka."

"Kama watoto walioachwa nyumbani peke yao," Bibi akasema.

"Hasa! Wamekutana na mlango wazi, wametoka kucheza. Mti hauumwi wala hauna mkosi. Wangu mimi umechanua, matawi ya juu. Wa hekaluni nao umechanua. Kama ni habari ya kifo, basi tujipange, kijiji kizima tunaondoka."

"Hata mtawa wa hekaluni?"

"Hata yeye."

"Yule? Ana nguvu kama ng'ombe!" Bibi akacheka kidogo, kisha akajizuia. "Lakini kwa nini wako umechanua juu tu?"

"Kwa sababu niliuosha. Upepo ulipotulia tu, nilichukua mpira wa maji, nikayaosha majani kwa maji yasiyo na chumvi. Juu sikufika. Chumvi isipokaa kwenye jani, jani halifi."

Kohei aliweka shoka chini. "Basi hata mimi ningeweza kuuosha."

"Ungeweza. Na kimbunga kingine kitakuja, utauosha."

"Sasa niutie mbolea, upate nguvu?"

"Thubutu! Ukiushibisha sasa utatoa majani mororo, na baridi itayaua. Mwagilia maji udongo ukikauka. Tandaza nyasi kavu chini ya shina. Na wakati wa baridi usipogoe sana. Hivi vijitawi vifupi ndivyo vinavyobeba maua, na wewe najua mkasi wako hauna huruma."

"Na plamu je?" Bibi akauliza. Sauti yake ilikuwa imebadilika.

"Hapo sikudanganyi. Tumba lililofunguka leo halitafunguka tena Februari, na maua haya hayatakupa tunda. Mwakani utachuma kidogo. Lakini tazama, haya bado yamefumba. Haya ndiyo yako. Ukiukata mti, hata haya hupati."

"Una hakika, Tomoe?"

"Kuhusu mti, nina hakika. Kuhusu wewe, nenda kwa daktari akupime. Ila mtu anayekufa hagombani na muuza samaki kama ulivyogombana naye jana. Nilikusikia nikiwa jikoni kwangu."

"Samaki wake alikuwa na macho mekundu!" Bibi akafoka. Kisha akanigeukia mimi. "Na wewe unatazama nini? Lete mwavuli wangu."

Mchana ule alimaliza bakuli lake, akaomba la pili.

Katikati ya Januari ikafika siku ya kuutishia mti. Kwa desturi ya kule, siku hiyo watu hupika uji wa maharage mekundu. Mmoja hubeba shoka hadi kwenye mti wa matunda, akautisha na kuukata gamba kidogo. Mwenzake hujibanza nyuma ya shina na kujibu kwa niaba ya mti. Kidonda hupakwa uji.

Kohei alinyanyua shoka. Halafu akasita, akaligeuza. "Mti umechoka," akasema, "na kidonda huingiza ugonjwa." Akagonga shina polepole kwa upande usio na makali.

"Wewe mplamu! Utazaa au huzai? Usipozaa nakukata!"

Safari hii aliyekuwa nyuma ya shina ni Bibi Masue mwenyewe.

"Nitazaa! Nitazaa! Lakini mwaka huu kidogo tu, nilitangulia kuchanua, mnisamehe!"

Chinatsu alicheka mpaka uji ukammwagikia.

Februari maua yalikuwa ya kuhesabika. Juni Bibi alijaza mtungi mmoja. Wa pili ulibaki mtupu. Hakulalamika. Aliuosha hata hivyo, akaugeuza juani ukauke.

Septemba kimbunga kingine kikapita. Kabla ya chai tulikuwa wote uani. Kohei alishika mpira wa maji, Chinatsu alishika ngazi, Bibi alishika amri. "Juu! Juu zaidi! Na chini ya majani, wewe, chumvi haichagui upande!" Tomoe aliosha wake upande wa pili wa ua, na safari hii alikuwa na ngazi.

Oktoba ikaja na joto lake. Kila asubuhi Bibi alitoka kuutazama mti. Majani yalikuwa ya kijani, mengine yakianza kuwa ya njano taratibu, kama inavyotakiwa. Matumba yalikuwa yamefumba.

"Umelala," akatuambia, akaketi mbele ya wali wake. "Chinatsu, ile kimono yangu iko wapi?"

"Ulishanipa, Mama."

"Nilikupa nikiwa nakufa."

"Basi ungekufa," Chinatsu akasema, akamwekea plamu ya pili.